"Sikumlilia baba, nimemlilia mtoto wa sokwe": jibu kwa mtafiti aliye porini

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nasoma shahada ya uzamili, na nakusanya data zangu kwenye kambi ya utafiti wa sokwe huku magharibi mwa Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi wa tatu mwaka huu baba yangu alifariki ghafla nyumbani, Pangani. Huku mtandao hakuna. Meneja wa kambi alipata habari kwa simu ya setilaiti asubuhi, mimi nikiwa msituni, nikaambiwa jioni niliporudi. Wakati huo baba alikuwa ameshazikwa, maana sisi ni Waislamu na maiti hailazwi bila sababu. Boti nilipata kesho yake, basi keshokutwa. Nilipofika nyumbani hitma imeshasomwa, maturubai yameshushwa, watu wametawanyika, mama ameshaingia eda. Nikakaa siku tano, nikarudi, kwa sababu msimu wa data haunisubiri. Kwa kanuni za kambi nilikaa karantini siku saba peke yangu kabla ya kuruhusiwa kuwasogelea sokwe. Sikulia. Ndugu walisema nina moyo mgumu, nami nikaamini nimeshapoa.*

*Miezi miwili baadaye mmoja wa sokwe ninaowafuata alifiwa na mtoto. Alimbeba siku 11. Kazi yangu ni kuandika kila baada ya dakika tano anafanya nini. Siku ya tatu nilianza kulia ndani ya barakoa, na mpaka leo sijaacha. Usiku silali. Wiki iliyopita nilipotea njia niliyoipita mara mia, nikajikuta ukingoni mwa korongo. Juzi nikakuta kwenye daftari, kwenye safu ya jina la mnyama, nimeandika 'baba'. Msimamizi wangu ameniandikia kwamba mtafiti hachanganyi hisia na kazi. Je, nimempenda sokwe kuliko baba yangu? Nimeanza kuchanganyikiwa? Niache utafiti? Na ule ukurasa niuchane?"*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na baba. Naianza na pole kwa makusudi, kwa sababu nimesoma barua yako mara tatu na sikuona mahali ambapo mtu amekukalisha chini akakupa pole mpaka ukachoka kuipokea. Wapo waliokupa habari, wapo waliokupa boti, wapo waliokusifu kwa moyo mgumu. Pole yenyewe imekupita barabarani.

Umeuliza maswali manne, lakini nikiyakunja pamoja naona hofu moja: kwamba machozi yamekwenda kwa asiye wake, na kwamba hilo linasema jambo baya juu yako. Halisemi. Hujampenda sokwe kuliko baba yako, na hujachanganyikiwa. Kilichokupata kinaeleweka, na nitajaribu kukieleza polepole, kwa sababu ukikielewa hutakiogopa tena kama unavyokiogopa leo.

Tuanze na kile ulichokikosa hasa. Unasema umekosa maziko. Lakini kwa desturi za kwenu pwani, hata ungekuwepo, makaburini wangekwenda wanaume, na wewe ungebaki ndani na akina mama. Kwa hiyo ulichokikosa si kaburi. Umekosa kumwona baba amelala. Umekosa mkeka. Umekosa kukaa bega kwa bega na shangazi zako, kila baada ya muda mlangoni anaingia mtu mwingine, kilio kinaanza upya, na mtu huyo anauliza, "Ilikuwaje?" Na mama anaeleza: aliamka, akaswali, akaomba maji. Saa moja baadaye anaingia mwingine, na mama anaeleza tena: aliamka, akaswali, akaomba maji. Anayetazama kwa mbali anaona ni kumchosha mfiwa bure. Mimi nimefanya kazi hii kwa miaka mingi na sijaona tiba iliyotengenezwa ofisini inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Sababu ni kwamba ubongo haupokei habari ya kifo kwa mkupuo mmoja. Mtu tuliyemzoea tangu utotoni, ubongo umemjengea mahali pake: yuko wapi saa hizi, atapiga simu lini, nikifika atakaa kiti gani. Ramani hiyo haifutiki kwa sentensi moja ya meneja wa kambi. Inafutika kidogo kidogo kwa ushahidi. Kiti kitupu ni ushahidi. Simu ya Ijumaa isiyolia ni ushahidi. Mama kusimulia mara ya ishirini ni ushahidi. Kila mara ubongo unamtegemea, haumpati, unaumia, na unajifunza kidogo.

Sasa jitazame wewe. Huko kambini baba hakuwepo alipokuwa hai. Hakuwa na kiti. Hakuwa na simu ya Ijumaa, kwa kuwa mtandao haupo. Ulipotoka kwa siku chache na kurudi, kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha: hema lile lile, njia zile zile, ziwa lile lile. Hakuna hata kitu kimoja huko kilichopungua baba alipokufa. Na Pangani, ambako kila kitu kilipungua, ulikaa siku tano, maturubai yakiwa yameshakunjwa. Akili yako ilijua baba amekufa. Mwili wako haukuwahi kuonyeshwa. Ndiyo maana hukulia. Ndugu zako waliita moyo mgumu, na siwalaumu, lakini walikosea. Hukuwa umepoa, ulikuwa hujaanza.

Kisha ukaja msiba wa pili, na huu ulikuwa na maiti.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi mama sokwe anavyofanya. Wenzako wanaosoma sokwe wa Bossou, kule Guinea, waliandika habari za mama aliyembeba mtoto wake aliyekufa mwaka 1992 kwa siku 27. Mwaka 2003, baada ya ugonjwa wa njia ya hewa kupita kwenye kundi lile lile, mama mmoja alimbeba wa kwake siku 19 na mwingine siku 68, mpaka mwili umekauka kama gome la mti, naye bado anamfukuzia nzi. Watafiti hawajakubaliana kama mama sokwe anaelewa kifo ni nini, wala sisi hatuhitaji kulimaliza hilo hapa. Kinachonihusu ni wewe uliyesimama mita kadhaa kutoka kwake. Kanuni ya kazi yako inakutaka usigeuze uso. Kila dakika tano unatazama na kuandika: amemlaza chini, amefukuza nzi, amemwinua tena. Siku 11. Mwanangu, ulikalishwa matangani. Maiti ikawa mbele yako, aliyefiwa mbele yako, na jambo lile lile likarudiwa na kurudiwa mpaka mwili ukaelewa. Ulipofika siku ya tatu, machozi yalikuwa yanangoja tangu mwezi wa tatu.

Najua jambo hili kwa kitabu na najua kwa mwili wangu pia. Mama yangu alifariki nikiwa masomoni ng'ambo. Nilipokea habari, nikamaliza mitihani, watu wakanisifu. Miezi mitano baadaye nilikuwa sokoni, nikamwona mwanamke nisiyemjua anachagua nazi: anaigonga kwa ukucha, anaisogeza sikioni, anaitikisa. Mama alifanya hivyo hivyo. Nilikaa chini palepale kwenye magunia, muuza nazi akaniletea maji. Hakuna aliyeniambia kwamba nimelilia nazi.

Hata hivyo sitaki nikimbilie kusema kwamba machozi yako yote ni ya baba. Hilo nalo lingekuwa dharau. Huyo mtoto ulimjua. Yawezekana uliandika siku aliyozaliwa, siku ya kwanza aliyoachia manyoya ya mama akashika tawi mwenyewe, siku aliyoiba tunda mkononi mwa mkubwa. Mtu anayekaa na viumbe hao saa kumi kwa siku, kwa miezi, akifiwa na mmoja wao amefiwa kweli. Mtaalamu wa Kimarekani, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haijaipa kibali: hakuna anayekuja kukuona, hakuna siku za mapumziko, na ukiitaja unaonekana una kasoro. Wewe unazo mbili za aina hiyo kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilitakiwa kupewa kibali ikakosa kwa sababu ya umbali. Ya pili haina kibali popote. Wahenga waliposema kifo cha wengi ni harusi, hawakuwa na maana kwamba kifo kinafurahisha. Uzito ukigawanywa hubebeka. Wako haukugawanywa na mtu.

Na hapa niseme neno kuhusu karantini. Kanuni hiyo ni sahihi na naiunga mkono kwa nguvu zote. Mafua yetu sisi yanaua sokwe. Kibale, Uganda, mwaka 2013 kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe watano kati ya 56 wa kundi la Kanyawara. Katika msitu huo huo, mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, ugonjwa mwingine wa njia ya hewa uliua 25 kwenye kundi la Ngogo. Mtu anayetoka msibani, ameshika mikono ya mamia, lazima akae pembeni. Lakini tazama kanuni hiyo ilivyokukuta: wiki ile ile ambayo desturi zetu zote zinasema mfiwa asiachwe peke yake, wewe ulikaa siku saba peke yako, chakula kinawekwa nje ya mlango. Kambi ilifikiria mapafu ya sokwe, na ilifanya vizuri. Haikumfikiria mfiwa.

Kuna swali hukuliuliza, nami nalihisi chini ya mengine. Ulikwenda msibani, ukarudi, mtoto wa sokwe akafa. Usiku usiolala, je, hujiulizi kama ni wewe uliyemletea? Kama unajiuliza, nikujibu wazi. Magonjwa haya ya mafua hujionyesha ndani ya siku chache. Wewe ulikaa siku saba, ukaendelea kuvaa barakoa, na mtoto akafa miezi miwili baadaye. Safari yako haikumuua. Wewe mwenyewe unajua kwamba watoto wengi wa sokwe hawafiki umri wa kuacha kunyonya, kwa maradhi, kwa kuanguka, kwa kuuawa na madume. Mfiwa hutafuta kosa lake kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, kwa sababu kosa angalau linatoa maelezo. Lako halipo.

Tuje kwa msimamizi wako. Nusu ya alichosema ni kweli, na usiidharau nusu hiyo. Ukiandika kwamba mama sokwe "anahuzunika" kwenye safu ya tabia, umeharibu data. Unatakiwa kuandika alichofanya. Lakini kuandika alichofanya na kutohisi kitu ni mambo mawili tofauti. Hisia iliyokatazwa haiondoki, inatafuta upenyo mwingine. Neno "baba" kwenye safu ya jina la mnyama limetoka hapo hapo. Laiti ungeruhusiwa kulitamka mezani, lisingeingia daftarini.

Na katika kazi yenu hii mfano mkubwa uko jirani na nyumba, ufukweni mwa ziwa hilo hilo. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akawapa sokwe majina wakati wakubwa wa fani walitaka namba. Sokwe mzee Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la Uingereza lilichapisha tanzia yake, kama ya mtu. Mwanawe Flint, wa miaka minane na nusu, ambaye hakuwahi kujitenga na mama yake, alinyong'onyea, akaacha kula, akafa wiki chache baadaye. Goodall aliandika yote hayo kwa uangalifu, na hakuficha kwamba yalimuuma. Mumewe, Derek Bryceson, alipofariki mwaka 1980 kwa saratani, ni Gombe alikorudi, akakaa na sokwe, na baadaye alisema msitu ulimsaidia kusimama. Sayansi yake haikupungua uzito kwa hilo.

Nataja habari hiyo pia kwa sababu utasikia watu wakikuambia kwamba kukaa msituni ni kukimbia msiba. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa anayekwenda vizuri huwa anakwenda na kurudi: muda anaukabili msiba, muda anauacha akafanya kazi, akacheka, akapika. Wewe kwa miezi miwili ulikaa upande mmoja tu, wa kazi. Sasa umetupwa upande wa pili na umekwama huko. Kosa halikuwa kufanya kazi. Na ile habari ya hatua tano za huzuni ambayo huenda uliisoma chuoni, kwamba mtu anaanza kwa kukana na kumaliza kwa kukubali, usijipime nayo. Elisabeth Kübler-Ross aliiandika mwaka 1969 baada ya kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakufa wenyewe, si wafiwa. Huzuni haina foleni.

Sasa niseme kinachonitisha katika barua yako, na si machozi. Ni korongo.

Mtu asiyelala, anayebeba msiba mpya, umakini wake unakatika bila yeye kujua. Mjini atapitiliza kituo cha daladala. Wewe uko kwenye majabali, mizizi na nyoka, na jirani yako ni nyati. Gombe mwaka 1969 mwanafunzi kijana aliyekuwa anafuata sokwe alianguka kwenye jabali akafa, na ilichukua siku kadhaa kumpata. Kwa hiyo kabla ya mengine yote: kuanzia kesho usitoke peke yako, na yule mtakayetoka naye mwambie ukweli. "Silali, juzi nilipotea, nitazame." Maneno manne tu. Akikuambia turudi, mrudi.

Na pima damu. Nasema hivi kama mtu anayetibu akili: si kila uchovu ni huzuni. Malaria inachosha na kukosesha raha, na ukanda huo una malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao unaweza kuvuruga usingizi na hata kumbadilisha mtu tabia. Wewe unashinda porini. Ukifika kituo cha afya mwambie mganga unafanya kazi wapi na mwombe apime vyote viwili. Sidhani ndicho kinachokusumbua, lakini sitaki kukuandikia kurasa za faraja kumbe una homa.

Je, uache utafiti? Uamuzi mkubwa wa aina hiyo usiufanye ukiwa hulali. Unaweza kuacha miezi sita kutoka leo na hakuna kitakachokuwa kimeharibika; ukiacha leo, kurudi kutakuwa kugumu. Lakini kuendelea hivi hivi nako sikushauri. Wapo watakaokwambia ubaki kambini ubadilishiwe kazi: uingize data kwenye kompyuta, upange sampuli, usiende msituni kwa wiki tatu. Kwa mtu mwingine ningekubali. Ina faida, hutapoteza msimu wote, na huna haja ya karantini nyingine. Kwako wewe naiona dhaifu, kwa sababu tatizo lako limeanzia kwenye kuwa mahali ambapo baba hakuwahi kuwepo, na kukaa hemani mbele ya kompyuta hakulitatui hilo.

Maoni yangu ni uende nyumbani. Wiki mbili, tatu ukiweza. Na kuna sababu ya kwenda sasa hivi badala ya mwisho wa msimu: mama yako yuko eda. Hesabu mwenyewe miezi minne na siku kumi tangu mwezi wa tatu, bado hajatoka. Yuko ndani, hatoki bila dharura, wageni wamepungua, na kila siku anaangalia kile kiti. Matanga uliyoyakosa hayajaanuliwa yote; yamebaki kwa mtu mmoja. Nenda ukakae naye mkekani. Mwambie, "Mama, nieleze ilikuwaje," na umwache aanze pale alipoamka. Kesho yake muulize tena. Usione haya kwamba umechelewa, yeye naye ana hamu ya mtu ambaye hajamsikia akisimulia. Omba kaka au mjomba akupeleke karibu na makaburi kama desturi ya kwenu inaruhusu. Kama hairuhusu, keti pale baba alipokuwa anaswalia. Vaa shati lake ukitaka. Soma yasini. Lia mpaka kichwa kiume.

Gharama zipo, sitakuficha. Ukijumlisha safari kwenda na kurudi, siku za kukaa na karantini nyingine, utapoteza zaidi ya mwezi. Huenda matunda ya msimu yakaisha na kundi likahamia bonde lingine. Nauli si ndogo. Lakini fikiri kama mtafiti: pengo la mwezi kwenye data linaelezwa kwa sentensi moja katika tasnifu. Data zilizochukuliwa na mtu asiyelala, asiyejua ameandika jina gani kwenye safu gani, hazielezeki kwa sentensi yoyote. Ukizitetea utadanganya, ukizitupa utakuwa umeteseka bure.

Kuhusu ruhusa, usitegemee sana karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyefiwa na mzazi siku nne za malipo. Kwako siku nne hazifiki hata Pangani na kurudi, na kama huna mkataba wa ajira, kama walivyo wanafunzi wengi, sheria hiyo haikuhusu. Kwa hiyo itakubidi kuomba, na kuomba kwa maneno yanayoeleweka na upande wa pili. Ningeandika hivi: "Mwalimu, nilifiwa na baba mwezi Machi na sikuwahi maziko. Kwa wiki tatu sasa silali, nimeshapotea njia mara moja karibu na korongo, na nimekuta kosa kwenye daftari langu. Naomba kutoka uwandani kwa wiki tano kwa ajili ya usalama wangu na usahihi wa data, na naomba tukubaliane namna ya kuongeza muda." Usiandike habari ya machozi kama hutaki. Hakuna msimamizi makini anayeweza kulipinga neno "korongo". Akilipinga, mwandikie meneja wa kambi na mlezi wa wanafunzi chuoni kwako, siku hiyo hiyo.

Ukirudi, karantini ya safari hii isiwe kama ile. Umbali wa pumzi unatosha kulinda sokwe. Si lazima uwe umbali wa sauti. Mwombe mwenzako mmoja aje kila jioni akae nje, upande upepo unakotoka, na kikombe chake cha chai, mzungumze. Na wale wazee wa kambi, wanaofuata sokwe tangu wewe hujazaliwa na kujua kila bonde, usiwaache nje ya jambo hili. Wameona sokwe wangapi wakifa, wale waliowapa majina wenyewe? Waulize. Nina hakika wana hadithi ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuziuliza kwa sababu hazina safu kwenye fomu. Usiku mmoja waombe mkae, utaje jina la baba yako kwa sauti mbele yao, wasome dua au wakae kimya, kila mtu kwa imani yake. Kambi itakuwa imejua kwamba una baba, na kwamba amekufa.

Mwisho kabisa, nikuambie ni lini maneno yangu hayatoshi. Ukianza kuwaza kwamba afadhali ungemfuata baba, au ukijikuta unasimama ukingoni mwa lile korongo kwa makusudi, usingoje boti ya kesho kutwa: mwambie mtu usiku huo huo, asikuache peke yako, na mkatafute hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Kwako ya karibu ni Maweni, Kigoma. Nenda pia kama usingizi umekataa kwa wiki nyingine mbili hata baada ya kufika nyumbani, kama huli na nguo zinakupwaya, kama umeanza kutafuta usingizi kwa pombe au vidonge, au unasikia sauti ya baba ikikuamrisha mambo. Kumsikia anakuita mara moja ukisinzia, au kumwota yuko hai, hilo ni la kawaida kwa wafiwa na halina shida. Na ikipita miezi sita tangu msiba nawe bado huwezi kufanya kazi, kutamani kwako baba kunakukaba kila siku kama siku ya kwanza, hiyo nayo ina jina lake kitabibu na ina matibabu ya mazungumzo yanayosaidia. Hujafika huko. Machozi ya wiki tatu baada ya miezi miwili ya ukavu ni mwanzo uliochelewa.

Na ule ukurasa usiuchane. Unajua kanuni ya daftari la uwandani: kosa halifutwi wala halichanwi. Chukua kalamu, pitisha mstari mmoja tu juu ya neno, lisomeke chini yake. Pembeni andika jina sahihi la mnyama, tarehe ya leo, na herufi za jina lako.